Mizabibu ya Dodoma na udongo usioachwa uchi

Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 924, inadai kwamba divai ya Ekaristi Takatifu iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Kabla ya kufika altareni, basi, divai hiyo imeanzia udongoni. Na kwa familia nyingi za Dodoma, ambako mzabibu uliletwa na wamisionari, udongo huohuo ndio unaolipa ada za shule.

Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mkulima huuamsha kwa kuupogoa, naye huvuna mara mbili kwa mwaka, yapata Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Mmea usiopumzika huudai udongo mara mbili. Mvua nayo ni haba, hunyesha kati ya Desemba na Aprili, tena mara nyingi kwa kishindo. Ikiangukia udongo mtupu, maji hutiririka na kuondoka na rutuba, na jua hukausha machache yaliyobaki.

Hata hivyo, tumezoea kumsifu mkulima ambaye shamba lake limepaliliwa likawa jeupe kama uwanja uliofagiliwa. Bidii yake ni ya kweli, lakini usafi huo una gharama.

Dawa yake ni kupanda mimea ya kufunika udongo katikati ya mistari, mvua za kwanza zinaposhika. Marejea inafaa sana: ni jamii ya mikunde, hivyo mizizi yake huongeza naitrojeni udongoni, tena hupunguza minyoo fundo wanaoshambulia mizizi ya mzabibu. Kunde huliwa nyumbani, mboga na mbegu, jambo linalomvutia mwenye shamba dogo; lakini aina zake nyingi huwahifadhi minyoo haohao. Palipo na minyoo, heri marejea. Mbuzi wasiachiwe kuila, kwani ina sumu, hasa mbegu zake.

Wanaoshindwa hushindwa kwa sababu ya wakati. Marejea iliyoachwa hurefuka kuupita mzabibu, huzuia hewa, na majani yasiyokauka hualika ubwiri. Mvua zikikatika, hugeuka mshindani wa maji. Kwa hiyo ikatwe inapoanza kutoa maua, yapata miezi miwili baada ya kupandwa, ilazwe palepale iwe matandazo. Isichimbiwe chini: chini ya matandazo hayo unyevu hudumu wiki kadhaa baada ya mvua ya mwisho, na huo ndio unaoulisha mzabibu unaoandaliwa kwa mavuno ya Agosti.

Shina lenyewe liachiwe nafasi ya nusu mita pande zote bila mmea wala matandazo. Mchwa wa Dodoma, kama kila mkulima ajuavyo, hupenda majani makavu, na wakiyamaliza hayo huhamia kwenye shina.