Utepe Bila Mashine: Picha za Lunar Orbiter na Suala la Kusoma Data za Kale

Uhifadhi wa tepe za sumaku hujadiliwa mara nyingi kana kwamba adui ni mmoja tu, yaani uchakavu wa utepe wenyewe. Makala haya yanaonyesha kwamba mashine ya kuusoma inaweza kutangulia kufa, pamoja na ujuzi wa walioiendesha.

Kati ya Agosti 1966 na Agosti 1967, Marekani ilirusha vyombo vitano vya Lunar Orbiter ili kupiga picha za Mwezi na kutafuta mahali ambapo wanaanga wa Apollo wangeweza kutua. Kila chombo kilisafisha filamu yake huko huko angani, kikaipitia mstari kwa mstari kwa mwanga na kuituma duniani kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yalinaswa kwenye tepe zenye upana wa inchi 2, kwa mashine za Ampex FR-900. Wataalamu wa wakati huo walitumia nakala za filamu. Utepe, uliobeba viwango vingi zaidi vya mwanga na kivuli, ukawekwa ghalani.

Tepe zipatazo 1,500 zilinusurika kwa sababu Nancy Evans, mtunza data katika maabara ya JPL huko California, alikataa zitupwe. Alitafuta pia mashine za FR-900, kila moja ikiwa kubwa kama jokofu, akazihifadhi nyumbani kwake kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Dennis Wingo na Keith Cowing waliichukua kazi hiyo, wakaihamishia katika kituo cha NASA Ames, ndani ya jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's. Hazina ya taifa, kwa hakika, haikutarajiwa kukutwa hapo.

Tepe zilikutwa katika hali nzuri. Mashine ndizo zilizokuwa zimeharibika: vichwa vya kusomea vilikuwa vimelika, vipuri havikuundwa tena, na mashine moja ilifufuliwa kwa kunyofoa sehemu za nyingine. Kifaa cha kutenganisha picha na mawimbi hakikuwapo, hivyo kilibidi kiundwe upya kwa msaada wa nyaraka za kale. Novemba 2008 picha ya Dunia ikichomoza juu ya upeo wa Mwezi, iliyopigwa tarehe 23 Agosti 1966, ilitolewa ikiwa na ung'avu ambao haukuwahi kuonekana.

Si tepe zote zenye bahati hiyo. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayofyonza unyevu, ikawa inanata na kubanduka kwenye vichwa. Hizo hupashwa joto la takriban nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Nafuu yake ni ya muda, kwa hiyo huenda nafasi ya kusoma ikawa moja tu. Ndiyo sababu mafundi hunasa kwanza mawimbi ghafi, kisha hutafsiri tarakimu baadaye kwa programu, bila kuusumbua utepe tena.

Hata hapo kazi haijaisha. Utepe wa takwimu za mvua uliosomwa bila kosa, lakini usio na maelezo ya mpangilio wake, hutoa safu ndefu ya tarakimu ambayo haijulikani tarehe inaishia wapi na milimita zinaanzia wapi. Kwa washauri wa sera, bajeti inayotaja rafu na viyoyozi pekee haitoshi: fungu la vipuri, la vitabu vya mashine na la mishahara ya mafundi wazee kabla hawajastaafu linapaswa kuandikwa humo humo.