Je, nyoka wanapendana? Kiambishi -an- ndani ya kizimba kimoja

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Dilolo, karibu na mpaka wa Angola. Mdogo wangu alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha kasha la mbao, juu lina wavu na upande mmoja limefunikwa bati. Ndani mlikuwa na chatu wachanga wawili. Walikuwa wamejiviringisha chini ya bati lililopashwa joto na jua, mmoja juu ya mwenzake. "Yaya, ona," akaniambia, "banapendana."

Mwanafunzi wa lugha hawezi kukiacha kitenzi hicho kipite hivihivi. "Banapendana" ya kwetu na "wanapendana" ya vitabuni zinatofautiana katika kiambishi cha nafsi tu. Dai ni lilelile. Mzizi ni -pend-, na -an- inaleta kauli ya kutendana: wa kwanza anampenda wa pili, na wa pili anampenda wa kwanza. Ili sentensi iwe kweli, vitendo viwili vinahitajika, kimoja kutoka kila upande. Je, ndani ya kasha lile vilikuwapo?

Mwili wa nyoka hauzalishi joto la kutosha kama mwili wetu. Hulipata kwenye jua, jiwe au udongo. Chatu aliyemeza panya anahitaji joto ili chakula kisagike tumboni. Akilikosa, anaweza kukitapika. Kasha la mdogo wangu lilikuwa na mahali pamoja tu penye joto, kwa hiyo wote wawili walikwenda hapo. Kila mmoja alikuwa na shughuli na bati, si na mwenzake. Tena yule mkubwa ndiye aliyepata nafasi nzuri, na mdogo akabaki na masazo.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hali hii: kusongamana. Nacho kinaishia na -ana, lakini kiko katika kundi la shikamana na fungamana, vitenzi vinavyoeleza hali ya vitu kubanana bila kutendeana lolote. Mvua ikinyesha, abiria wa stesheni ya treni ya Dilolo husongamana chini ya paa moja. Hakuna anayesema kwamba wanapendana.

Tofauti hii si ya darasani tu. Anayeamini kwamba nyoka wake wanapendana atawaacha pamoja, na hapo ndipo madhara huanzia. Kwanza ni chakula: nyoka wawili wakikamata panya mmoja, kila mmoja kwa ncha yake, wote huendelea kumeza, na mwisho mmoja anaweza kummeza mwenzake. Pili ni maradhi: utitiri, vimelea vya tumboni na virusi huhama kwa urahisi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Tatu ni kutojua. Siku moja tulikuta panya aliyetapikwa pembeni mwa kasha. Nikamuuliza mdogo wangu ni nani aliyetapika. Hakuweza kujibu, na asiyejua mgonjwa ni yupi hawezi kumsaidia.

Hatari inazidi pale nyoka wanapokuwa wa aina tofauti, na hapo ni neno "nyoka" lenyewe linalotupotosha, kwa kuwa linamweka chatu na swila katika jina moja. Swila wengi hula nyoka wengine. Jenasi ya swila mkubwa wa Asia inaitwa Ophiophagus, neno la Kigiriki lenye maana ya mla nyoka. Aliyelitunga alitazama kwanza, kisha akataja.

Msomaji anaweza kupinga: je, hakuna nyoka wanaotafutana? Wapo. Huko Narcisse, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, maelfu kwa maelfu ya nyoka wa jenasi Thamnophis hukusanyika katika mashimo yaleyale kukwepa baridi kali. Mwaka 2020, Morgan Skinner na Noam Miller walionyesha kwamba nyoka wachanga wa jenasi hiyo hupendelea kukaa na baadhi ya wenzao kuliko wengine. Kwa hao, pengine -an- inastahili.

Hata chatu wa kusini mwa Afrika, ambaye ndiye chatu wetu wa Lualaba, ana habari yake. Mwaka 2018 Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alichapisha utafiti uliofanywa Afrika Kusini: chatu jike hubaki shimoni na watoto wake kwa wiki mbili hivi baada ya mayai kuanguliwa, nao hulala usiku juu ya mwili wake aliouota juani. Lakini tuangalie kitenzi. Mama anawapasha joto, hawapashani. Kitendo kina upande mmoja, na baada ya wiki hizo chache watoto hutawanyika. Kasha halina mlango wa kutawanyikia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nyoka mmoja, kizimba kimoja, chenye upande wa joto, upande wa baridi, maji na mahali pa kujificha. Asiyeweza leo kutengeneza kizimba cha pili, angalau awalishe kila mmoja peke yake. Akumbuke pia kwamba chatu huyu akikomaa anaweza kupita mita 4, wala kasha la mbao halitamtosha.

Kabla sijaondoka tulipigilia kasha la pili. Baada ya wiki tatu mdogo wangu alinipigia simu: yule mwembamba amekula, na chakula kimekaa. Nikamuuliza kama wanakumbukana. Akacheka. "Apana, yaya. Kila moya iko na bati yake."