Mkopo wa simu na wadhamini wasioulizwa

KATIKA mwalo wa Kasanga, bandari iliyo kusini mwa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, deni si jambo geni. Mchuuzi huchukua dagaa kwa mali kauli, akapanda nao hadi Matai au Sumbawanga, na akishauza ndipo humlipa mwenye mtumbwi. Deni la namna hiyo hujulikana kwa watu wawili. Pakiwa na shaka huongezwa wa tatu, yaani mdhamini, ambaye huitwa, akaelezwa, akakubali kwa kinywa chake mwenyewe.

Simu imeleta mkopo wa namna nyingine, na pamoja nao wadhamini ambao hawakuitwa wala hawakukubali.

Mambo huanza kwa urahisi mno. Mtu anayetafuta fedha za petroli ya injini au za betri za taa za kuvulia hupakua programu ya mikopo, akajaza jina na namba ya kitambulisho. Kisha simu humuuliza kama anairuhusu programu hiyo isome majina na namba zote alizohifadhi. Maandishi mara nyingi ni ya Kiingereza, shida iko mlangoni, na kidole hubonyeza kukubali. Papo hapo namba za mke, shemeji, mwalimu wa watoto, mchungaji na mnunuzi wa samaki zinaweza kunakiliwa katika kompyuta za mkopeshaji, ambazo pengine hazipo hata nchini.

Siku ya kulipa ikipita, orodha ile hugeuka fimbo. Baadhi ya wasomaji wa mijini watakuwa wamewahi kupokea ujumbe kutoka namba wasiyoifahamu, ukiwataka wamhimize fulani alipe deni lake. Kwa mkazi wa Dar es Salaam huo ni usumbufu. Katika kijiji cha wavuvi ambako kila mtu anamfahamu mwenzake, ni sawa na kumvua mtu nguo sokoni, kwani aliyezoea kumpa mali kauli naye amesoma ujumbe huo.

Wananchi wamekwisha kuipa mikopo ya kinyonyaji jina lake: kausha damu. Mnamo Agosti 2024, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya kidijitali chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Novemba mwaka huohuo ikatangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Jirani zetu wa Kenya walipitia njia hiyohiyo: mwaka 2021 walibadili sheria ili benki kuu yao iwasimamie wakopeshaji wa aina hii, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo akawatoza faini baadhi yao kwa matumizi mabaya ya taarifa za watu.

Kampuni ya Google nayo, tangu Mei 31, 2023, inakataza programu za mikopo binafsi zilizo katika duka lake kusoma majina na picha zilizomo ndani ya simu. Hata hivyo, programu iliyopakuliwa kwa kiungo kilichotumwa kwa ujumbe, nje ya duka hilo, katazo hilo haliigusi.

Mfumo wa Android unaoendesha simu nyingi za bei nafuu umejengwa juu ya msimbo huria, yaani maandishi yake ya ndani yako wazi na mtaalamu yeyote aweza kuyasoma akaona jinsi simu inavyoomba ruhusa. Programu ya mkopeshaji kwa kawaida imefungwa. Tunaona imeomba majina. Hatuoni inayafanyia nini. (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitumia uhuru huo wa msimbo mwaka 2004 kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Laiti na masharti ya mikopo yangeandikwa kwa lugha hiyo.)

Kuna pia suala la nani anaamua kiasi cha mkopo. Mara nyingi ni mashine, kwa kile kiitwacho akili mnemba: hupewa kumbukumbu za wakopaji wengi waliopita, ikajifunza dalili za mlipaji mzuri, kisha ikampa kila mwombaji alama. Sasa fikiria mvuvi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi mingi hupumzika kwa siku kadhaa. Mashine iliyofunzwa kwa watu wa mishahara itaona mtu ambaye fedha zake hukatika kila mwezi, nayo huenda ikampa alama ya chini, pasipo mtu wa kumweleza habari za mbalamwezi.

Wapo wasemao kwamba aliyekopa alipe, na asiye na la kuficha hana la kuogopa. La kulipa ni kweli kabisa. Lakini shemeji hakukopa, na namba yake haikuwa mali ya mkopaji hata aitoe rehani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali lililo wazi, na inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa sana usitolewe na mashine peke yake. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na si mkopaji tu awezaye kulalamika: aliyetumiwa ujumbe wa deni lisilo lake naye taarifa zake zimetumika.

Kwa aliyekwisha kukubali, ruhusa huondolewa katika mipangilio ya simu, sehemu ya programu. Kuifuta programu yenyewe hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa. Kwa ambaye hajakopa bado, aulize kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya BoT, na ombi la kusoma majina likitokea, alikatae. Mkopeshaji akishikilia kwamba bila majina hayo hakuna fedha, mkopaji atakuwa amejua dhamana inayotakiwa ni nini.