Kiti cha Pikipiki: Ulaini Si Raha

Aisifuye mvua imemnyea. Nikikusimulia habari za kiti cha pikipiki usidhani nimezisikia kwa watu. Nimezikalia mwenyewe, kilomita zaidi ya 100, kutoka Taveta mpaka Voi. Siku ya kufungua shule muhula wa pili mwaka jana niliingia langoni nikitembea kama bata, na jioni pale bwaloni nilikula nimesimama. Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Wacha wacheke! Lakini safari ile ilinifunza jambo ambalo si vyema nikalificha, kwa maana wengi wetu tuna baba, kaka au mjomba anayejitafutia riziki juu ya kiti kama hicho.

Baba yangu ni mchuuzi wa mitumba. Pikipiki yake ni ya sisi 150, ya kawaida tu kama hizi za boda boda, na kila wiki huenda Voi na kurudi mara mbili. Siku hiyo alikuwa na mzigo wa kuchukua huko, nalo sanduku langu nilikuwa nimeliacha bwenini, kwa hivyo tukaona tuokoe nauli. Nikavaa suruali ya michezo chini ya sketi ya shule, nikafunga kofia ngumu kichwani, tukashika njia kulipopambazuka.

Aijuaye barabara hiyo anafahamu kwamba ukiiacha Taveta unapita kilima cha Salaita, kisha unakata katikati ya Mbuga ya Tsavo Magharibi hadi Maktau. Siku hizi ni lami, wala sina neno juu ya barabara. Taabu ni kuwa humo mbugani mtu wa pikipiki hashuki ovyo ovyo kunyoosha miguu. Ndovu wana njia zao, nao hawapigi honi. Baada ya dakika 40 hivi nilianza kuhisi kama nimekalia mbuzi ya kukunia nazi. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia, wapi! Nikamtazama Baba, kumbe naye ni vivyo hivyo. Mara ajisukume nyuma, mara ainue kiuno, mara akung'ute mguu mmoja.

Alikuwa katika kukung'uta mguu huo ndipo ndovu alipojitokeza kichakani upande wa kushoto. Mimi nilimwona kabla ya Baba. Nilipiga ukemi, breki zikalia, tukasimama kama hatua 30 kutoka kwake. Ndovu akavuka polepole bila hata kututazama. Roho yangu ilikuwa imeshanifika kooni.

Tulipofika Maktau tukashuka kunywa chai. Baba alikaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Mama, siku hizi miguu inakufa ganzi kabla sijafika hapa. Nikifika Voi mgongo haukunjuki. Kuna siku nafikiri niiuze tu hii pikipiki." Sikumjibu. Nilijua karo yangu hutoka wapi.

Basi, hebu tuangalie kwanza kwa nini kiti humwumiza mtu. Ukikaa, uzito wako haulali sawasawa juu ya makalio yote. Sehemu kubwa hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya nyonga. Kalia viganja vyako sasa hivi, ndugu msomaji, utaihisi. Katika somo la Fizikia tunafundishwa kwamba shinikizo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Tuseme kiti kinabeba kani ya niutoni 600, na uzito mwingine unabebwa na miguu. Uzito huo ukilalia eneo la sentimita mraba 200, shinikizo ni paskali 30,000. Ukitandazwa juu ya sentimita mraba 400, shinikizo hupungua hadi paskali 15,000. Mtu ni yule yule na uzito ni ule ule, lakini maumivu hayawi sawa. Shinikizo likiwa kubwa mishipa midogo ya damu hubanwa, neva nazo hubanwa, ndipo ganzi ikaingia. Ongeza hapo mtetemo wa injini, jasho, na matuta ya barabarani, uone kama utafika mzima.

Mimi nilipoielewa hesabu hiyo nilijiona nimekuwa mhandisi. Likizo ya Agosti ilipofika nilimwambia Baba, "Dawa ni kuongeza sponji." Tukakata kipande cha godoro kuukuu, unene wa sentimita 10, tukakifunga juu ya kiti kwa mipira ya tyubu. Baba alipokalia alitabasamu kama bwana harusi. Ati raha! Tabasamu hilo halikudumu. Aliporudi jioni alinieleza kwamba kilomita 20 za kwanza zilikuwa kama kukaa kochini, kisha godoro likalala kama chapati na mifupa ikaugonga ubao wake wa zamani. Kwenye kona kiti kilimyumbisha. Aliposimama kwenye njia panda alijikuta anagusa chini kwa ncha za vidole, kwa sababu tulikuwa tumempandisha juu, na nusura pikipiki imwangukie. Kisha mvua ikanyesha. Godoro likanywa maji yote, naye akarudi amelowa upande ule mmoja tu. Mama alicheka kwanza, halafu akakasirika.

Hapo ndipo nilipofahamu ule mtego unaowanasa wengi. Sponji laini hupendeza ukiibonyeza kwa mkono dukani, lakini mkono si mwili mzima. Chini ya uzito wa mtu hubonyea yote mpaka mwisho, na ikishafika mwisho ni kama haipo. Kiti cha safari ndefu hutaka sponji nzito, ile ya godoro la hai densiti, ambayo hubonyea kidogo kisha ikashikilia. Ukiikalia mara ya kwanza utaiona ngumu. Ngoja ufike kilomita ya 60, ndipo utakapoishukuru.

Penye wazee haliharibiki neno. Tulimwendea fundi mmoja wa viti ambaye hufanya kazi yake chini ya mwarobaini pale mjini Taveta. Mzee huyo hakugusa kisu wala sponji. Alichukua kipande cha katoni, akakiweka juu ya benchi, akamwambia Baba akikalie kwa dakika mbili huku ameinua magoti kidogo. Baba alipoondoka kulikuwa na vishimo viwili kwenye katoni. Fundi akapima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine: sentimita 12. Halafu akapima sehemu bapa ya kiti mahali Baba anapokalia: sentimita 14 tu, kisha kinateremka kila upande. "Unaona?" akaniuliza. "Baba yako amekalia kingo. Sponji anayo, lakini mahali pa kukalia hana."

Akatuonyesha na kosa la pili. Kiti chetu kiliinamia mbele, kuelekea tangi la mafuta. Kila Baba alipofunga breki alitelezea mbele hadi penye ncha nyembamba, akajisukuma tena nyuma kwa mikono na mgongo. Fikiria kufanya hivyo mara mia moja kwa safari moja! Mgongo utakosaje kuuma?

Kazi yenyewe ilikwenda hivi, nami nilisimama kando nikiandika kwenye daftari. Kwanza, alifungua kiti kwa spana, akabandua ngozi ya juu taratibu ili aitumie kama kielelezo cha kukatia mpya. Pili, alikata sponji ya zamani mahali ilipoinama, akasawazisha, akagandisha kipande cha hai densiti kwa gundi ya viatu. Kazi ya gundi hufanyiwa nje, maana harufu yake hulevya. Tatu, alipanua sehemu bapa ya nyuma ikafika sentimita 24, lakini mbele akaiacha nyembamba ili miguu ya Baba ifike chini bila taabu. Nne, aliweka tabaka la sponji laini juu yake, unene wa sentimita 2 tu, kwa ajili ya ngozi ya mwili. Yaani ugumu chini, ulaini juu, kama mkeka juu ya sakafu, wala si kinyume chake. Tano, alilainisha kingo kwa msasa.

Jambo la sita ndilo lililonifurahisha zaidi. Kabla ya kufunika, alimwamuru Baba akalie kiti hicho kwa nusu saa nzima. "Makalio ndiyo yatakayoniambia," akasema. Dakika ya 20 Baba akalalamika kuhusu upande wa kulia. Fundi akakwangua kidogo, Baba akakaa tena, akanyamaza. Baada ya hapo akafunika sponji kwa karatasi ya nailoni ili isinywe maji, akavuta juu yake ile ngozi bandia tunayoiita reksini, akaipigia pini kwenye bamba la chini. Mishono yote aliiweka pembeni. Mshono ukipita katikati ya kiti hupitisha maji, tena hukata mwili kama uzi. Kazi ilichukua siku moja na tulilipa shilingi 1,800.

Hata hivyo, kiti peke yake hakimalizi kazi. Fundi alitupa na wosia mwingine ambao hauhitaji hata ndururu. Angalia springi za nyuma. Nyingi zina vidato vya kukazia. Mkiwa wawili, au mkiwa na mzigo, zikaze kidato kimoja au viwili, la sivyo kila tuta zitafika mwisho na kugonga uti wa mgongo. Upepo wa magurudumu ufuate kipimo kilichobandikwa kwenye pikipiki. Ukizidi utarushwarushwa, na ukipungua pikipiki itayumba. Toa pochi mfukoni mwa nyuma, kwa sababu ukiikalia nyonga moja huwa juu na nyingine chini, nao mgongo hujipinda siku nzima. Epuka suruali ya jinzi yenye mishono minene. Ukiona tuta, simama kidogo juu ya vikanyagio ili magoti yapokee kishindo badala ya kiuno. Ukiegesha juani, funika kiti kwa kitambaa, maana reksini nyeusi huchoma na hupasuka upesi. La mwisho, shuka kila baada ya dakika 45 au saa moja, mahali palipo salama, utembee hatua kadhaa damu irudi miguuni. Mwendo si kukimbia, mwendo ni kufika.

Na kwenu wenzangu mnaopenda kupanda watatu pikipiki moja siku ya kufunga shule: Sheria ya Trafiki inamruhusu mwendeshaji kubeba abiria mmoja tu. Mkijazana wawili nyuma, dereva husukumwa hadi kwenye ile ncha nyembamba niliyoitaja, naye hukosa pa kuketi na pa kujishikiza. Mnajiokolea nauli, lakini mnamnyang'anya yeye uwezo wa kuwafikisha.

Tena nisieleweke vibaya. Kiti si daktari. Ganzi isiyokwisha hata baada ya kupumzika, au maumivu yanayoteremka kutoka kiunoni hadi mguuni, ni mambo ya hospitali, si ya fundi wa sponji. Baba alikwenda, akapimwa, akaambiwa apunguze safari za mfululizo na afanye mazoezi ya mgongo kila asubuhi. Siku hizi akiyafanya uani kuku wote hukimbia.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa alinileta tena shuleni kwa njia ile ile. Nisiseme kwamba nilikuwa juu ya kitanda. Safari ndefu ni safari ndefu. Lakini tulipokuwa ndani ya mbuga niliutazama mgongo wa Baba nikaona umetulia, na miguu yake yote miwili iko juu ya vikanyagio. Hakuinua kiuno hata mara moja. Mbele yetu, mbali kabisa, aliona kitu ambacho mimi nilidhani ni mawe. Akapunguza mwendo, akasimama, akazima injini.

"Ndovu," akasema. "Watano. Na mtoto mmoja."

Tuliwangoja mpaka wakavuka wote, yule mdogo wa mwisho akikimbia kuwafikia wenzake. Safari ile ya kwanza macho ya Baba yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni kwamba hakuwa tena na kitu cha kuyavuta kutoka barabarani. Ndiyo sababu nasema kuwa kiti kizuri si anasa ya matajiri. Mwenye maumivu huendesha nusu ya akili yake, nusu nyingine imekalia mifupa.

Basi, likizo ikifika, mwulize aliye nyumbani kama miguu yake hufa ganzi. Huenda hakuna aliyewahi kumwuliza. Kisha tafuta kipande cha katoni, umwombe akikalie. Nami jioni hiyo nilikula bwaloni nimekaa, na wale walionicheka wakakosa la kusema.