Mama yake alitekwa, akaambiwa ajiuzulu uwaziri

Desemba 9, 2012, watu wenye silaha walivamia nyumba moja katika mji wa Ogwashi-Ukwu, Jimbo la Delta, kusini mwa Nigeria, wakaondoka na mama wa miaka 82. Alikuwa Profesa Kamene Okonjo, msomi wa sosholojia na mke wa mtawala wa jadi wa mji huo. Lakini watekaji hawakumfuata kwa ajili ya usomi wake wala cheo cha mumewe. Walimfuata kwa sababu binti yake alikuwa waziri wa fedha.

Sharti walilolitoa mwanzoni halikuwa pesa. Walitaka waziri ajiuzulu.

Mzazi unayesoma hapa, jiweke kwenye nafasi ya binti huyo kidogo. Ukijiuzulu, umewafundisha wahalifu kwamba njia hiyo inafanya kazi, na waziri atakayekufuata naye ataguswa mama yake. Usipojiuzulu, ni mama yako aliye porini, na umri wake ndio huo. Ngozi Okonjo-Iweala hakujiuzulu. Siku tano baadaye mama alirudi akiwa hai. Binti ameandika kuhusu siku hizo katika kitabu chake cha mwaka 2018, ambacho jina lake linasema wazi kwamba kupambana na rushwa ni kazi ya hatari.

Ili kuelewa kwa nini mama wa mtu alitekwa kwa sababu ya hesabu za serikali, inabidi turudi nyuma.

Ngozi alizaliwa Juni 13, 1954. Wazazi wake walikwenda Ujerumani kusoma, wakamwacha kwa bibi hadi alipofika miaka tisa hivi. Huko alichota maji, akatafuta kuni na kwenda shamba. Wasomaji wengi wa ukurasa huu mnayajua maisha hayo, kwa kuwa mlilelewa hivyo au kwa kuwa hivi sasa watoto wenu wako kwa mama zenu nanyi mnahangaika mjini.

Vita vya Biafra vilianza mwaka 1967 akiwa na miaka 13. Baba yake, Profesa Chukwuka Okonjo, aliingia katika jeshi la Biafra. Siku nyingine familia ilikula mlo mmoja tu. Kuna kisa cha wakati huo ambacho amekisimulia hadharani. Mdogo wake wa miaka mitatu alishikwa na malaria kali, mama naye alikuwa mgonjwa, baba yuko vitani. Ngozi, binti wa miaka 15 hivi, akamfunga mdogo wake mgongoni na kutembea kilometa nyingi hadi kwenye kanisa alikosikia kuna daktari. Akakuta umati wa watu mlangoni. Akapenya katikati ya miguu ya watu wazima, akaingilia dirishani. Mtoto akachomwa sindano, na baada ya saa chache akaanza kuchangamka.

Baada ya vita alikwenda Marekani. Alihitimu uchumi Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1976, kisha akapata shahada ya uzamivu MIT mwaka 1981. Alichokitafiti kilikuwa mikopo na masoko ya fedha vijijini, na jinsi vinavyogusa kilimo cha Nigeria. Akaajiriwa Benki ya Dunia, akapanda ngazi kwa miaka mingi. Aliolewa na Dk Ikemba Iweala, daktari wa upasuaji, wakapata watoto wanne. Mmoja wao, Uzodinma, ni mwandishi wa riwaya ya Beasts of No Nation, iliyotengenezewa filamu mwaka 2015.

Mwaka 2003 Rais Olusegun Obasanjo akamwita nyumbani ashike Wizara ya Fedha. Alikuwa mwanamke wa kwanza Nigeria kupewa kiti hicho. Mambo hayakuanza vizuri. Wananchi walilalamika kwamba mshahara wake ulilipwa kwa dola, kupitia mfuko maalumu wa kuwarudisha wataalamu waliokuwa nje. Malalamiko hayo yalikuwa na haki yake: mwalimu anayelipwa naira hawezi kufurahia kusikia waziri analipwa dola.

Kazi aliyoikuta ilikuwa deni. Nigeria ilikuwa inadaiwa dola bilioni 30 na kundi la nchi tajiri linaloitwa Klabu ya Paris. Sehemu kubwa ya deni hilo haikuwa pesa iliyokopwa mwanzo, ilikuwa riba na faini za kuchelewa. Yeyote aliyewahi kuingia kwenye mikopo ya kausha damu anaelewa: unalipa kila mwezi na deni halipungui. Nchi nyingi maskini, Tanzania ikiwamo, zilikwishapata nafuu kupitia mpango wa kusamehe madeni, lakini Nigeria haikuwamo, maana ina mafuta na ilionekana inajiweza.

Okonjo-Iweala alizunguka kwa wakopeshaji na timu yake. Mwaka 2005 wakakubaliana: dola bilioni 18 zifutwe, Nigeria ilipe bilioni 12, mambo yaishe. Mwaka uliofuata deni hilo lilikuwa limekwisha.

Binafsi naona kuna jambo dogo zaidi alilolifanya ambalo lilimgusa mzazi wa kawaida kuliko hilo la deni. Aliagiza fedha zinazogawiwa kila jimbo na kila halmashauri zichapishwe magazetini kila mwezi. Watu waligombania magazeti hayo. Mzazi ambaye mwanawe anasoma akiwa amekaa chini sasa angeweza kuona halmashauri yake imepokea kiasi gani, na kumuuliza mwenyekiti ziko wapi. Wakubwa hawakupenda. Ndipo watu wakaligeuza jina lake, badala ya Okonjo-Iweala wakawa wanamwita Okonjo-Wahala. Wahala kwa Wanaigeria ni matata.

Mwaka 2006 alihamishiwa Mambo ya Nje, na miezi michache baadaye akaacha kazi. Akarudi Benki ya Dunia kama mkurugenzi mtendaji, hadi Rais Goodluck Jonathan alipomrudisha Wizara ya Fedha mwaka 2011.

Awamu hii ya pili ndiyo iliyomfikisha mama yake mikononi mwa watekaji. Serikali ilikuwa inalipa ruzuku ya mafuta, yaani inafidia waagizaji ili petroli iuzwe bei nafuu. Januari 1, 2012, ruzuku ikaondolewa, na petroli ikapanda kutoka naira 65 hadi zaidi ya 140 kwa lita, siku ya mwaka mpya, wengine wakiwa bado kijijini walikokwenda kula sikukuu. Nchi ikasimama kwa mgomo na maandamano. Serikali ikarudi nyuma, bei ikawekwa naira 97.

Hapo naweza kusema waziri na wenzake walikosea. Hata kama hesabu zilikuwa sahihi, mama mwenye watoto wanne na nauli ya kuhesabu hawezi kupewa taarifa ya aina hiyo bila kuandaliwa. Lakini sakata hilo lilifumbua jingine. Ukaguzi wa madai ya waagizaji ulionyesha kwamba wapo waliolipwa ruzuku kwa mafuta ambayo hayakuingia nchini. Wizara ikakataa kulipa madai yenye shaka. Kwa maelezo yake mwenyewe, hapo ndipo uadui ulipozidi, na Desemba ya mwaka uleule mama yake akatekwa.

Alibaki ofisini hadi 2015. Katika kipindi hicho mfumo wa mishahara wa kompyuta ulibaini zaidi ya watumishi hewa 60,000, neno ambalo nasi hapa tunalijua vizuri. Si kila kitu kilimnyookea. Mwaka 2014 gavana wa Benki Kuu alidai mabilioni ya dola za mafuta hayajaingia hazina, na wakosoaji wanasema waziri wa fedha angepaswa kupiga kelele zaidi. Yeye alitaka ukaguzi wa kina ufanyike. Akiba ya mapato ya mafuta nayo ilipungua sana. Anasema magavana wa majimbo ndio waliokuwa waking'ang'ania igawanywe.

Eneo letu nalo limekuwa na wanawake katika kiti hicho. Zakia Meghji alikuwa wa kwanza Tanzania, mwaka 2006, akafuatiwa na Saada Mkuya Salum mwaka 2014. Uganda imekuwa na Syda Bbumba na Maria Kiwanuka. Na Okonjo-Iweala alipogombea uongozi wa WTO mwaka 2020, miongoni mwa aliowashinda alikuwa Mkenya, Amina Mohamed, aliyefika hatua ya watano bora.

Mwezi ule alipothibitishwa, Februari 2021, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo, magazeti ya Uswisi yaliandika kwa herufi kubwa kwamba bibi huyu ndiye atakuwa bosi mpya wa WTO. Kwetu kuitwa bibi ni heshima. Pale hawakulitumia hivyo, na hakuna aliyewahi kuandika kwamba babu fulani amekuwa bosi. Mabalozi zaidi ya 100 walisaini barua ya kulalamika, gazeti likaomba radhi, naye akawashukuru waliomtetea kisha akaingia kazini Machi 1. Wanachama wamekwishampa muhula wa pili, ulioanza Septemba 2025.