Bunduki ya Babu

Akina mama wenzetu, mnazijua kazi za wakamwana baada ya matanga. Tulipokwisha kumzika baba mkwe huko Kibosho, tulibaki watatu kusafisha nyumba ya zamani. Tukiwa jikoni tulisikia mtoto wa darasa la pili akipaza sauti, "Mikono juu!" Tulipochungulia tulikuta ameegemeza bunduki ndefu dirishani, mdomo wake umemwelekea dada yake uani. Chini palikuwa na ngozi ya mbuzi iliyotoka darini. Katika mfuko wa kaptula yake tulitoa risasi mbili, nene kama kidole.

Habari za bunduki hiyo hazikuwa ngeni kwetu. Kila Krismasi, ukoo unapopanda mlimani, baba mdogo husimulia jinsi babu alivyokuwa askari wa Wajerumani na kuwapiga Waingereza pale Reata, Machi 1916. Hakuna aliyewahi kuuliza iko wapi.

Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu aliyepigana vita vya Uganda vya 1979, alituamuru tusiiguse tena. Alisoma maandishi ya ubavuni: Mod. 71, yaani Mauser ya mwaka 1871. Hupiga risasi moja moja, na moshi wake mzito humfichua mpigaji. Wajerumani waliwapa askari wao wengi bunduki hizo kuukuu kwa kuwa mpya hazikutosha. Akaongeza kwamba baruti ya zamani si ya kuchezea, hata ikipita miaka mia moja.

Jioni shangazi, ambaye umri wake unakaribia miaka 90, alituita kando. "Wanangu, baba hakuwa askari. Alikuwa mpagazi."

Alitueleza kama alivyosimuliwa na mama yake. Vijana walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kichwani. Waingereza walipokaribia Moshi, Wajerumani walirudi nyuma kufuata reli mpaka Kahe. Njiani askari mmoja alikufa kwa kuhara damu, na babu akatwishwa bunduki yake juu ya mzigo wake. Usiku ule ule akatoroka, akapanda mlima. Bibi alipoiona alitetemeka, maana mwenye kukutwa na bunduki wakati ule angeweza kupoteza maisha. Akaifukia chini ya samadi, pale ng'ombe walipolala ndani ya nyumba.

Sisi tuliosomea uuguzi hatukushangaa kusikia habari ya kuhara damu. Katika vita vile, pande zote mbili, maradhi yaliua wapagazi wengi kuliko risasi: kuhara damu, malaria, homa ya mapafu. Watu wa ndizi na maziwa walilishwa unga uliopikwa nusunusu, wakanywa maji ya madimbwi. Makumi ya maelfu hawakurudi kwao, na wengi hawana hata kaburi lenye jina. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Ni wangapi kati yetu hununua nyanya pale tukiwakumbuka?

Basi tukasema polisi waitwe. Baba mdogo alikasirika. "Mnataka kutoa heshima ya babu?" Kwa siku tatu hakunywa chai yetu. Waume zetu walinyamaza, kama wanaume wanavyonyamaza kaka na baba zao wanapogombana. Tulimwambia kwa adabu kwamba leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi kama kihamba, na ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Hakusikia. Alilainika shangazi alipomwuliza, "Yule mtoto angepigwa, ungemzika na heshima ipi?"

Hatukuibeba wenyewe kuipeleka mjini. Tulifunga chumba, tukamweleza mwenyekiti wa kijiji, naye akawaita polisi. Walikuja kuichukua pamoja na risasi zake, wakaandika maelezo. Ngozi ya mbuzi wakatuachia.

Krismasi iliyofuata watoto walikaa kuzunguka moto kama kawaida. Baba mdogo akaanza, "Babu alipokuwa pale Reata..." Shangazi akakohoa. Baba mdogo akaweka kata ya mbege chini, akatazama moto kidogo, akaanza upya kutokea Kahe.