Woody Strode: Alisugua benchi Rams, akatikisa Hollywood

LOS ANGELES, MAREKANI. UKITAZAMA filamu ya Spartacus ya mwaka 1960, kuna jamaa anaonekana kwa dakika chache tu, lakini ukitoka hapo humsahau.

Ndani ya filamu anaitwa Draba. Mrefu, kifua kipana, mkononi ana wavu na mkuki wa ncha tatu. Analetwa apigane hadi kifo na Spartacus, anayeigizwa na staa Kirk Douglas, ili wakubwa wa Roma wafurahi. Anashinda. Wakubwa wanataka damu. Draba anagoma, anawarushia mkuki wao wenyewe na kuwapandia jukwaani. Anauawa palepale.

Jamaa huyo ni Woody Strode, na kabla ya kamera alikuwa mwanamichezo wa kweli.

Alizaliwa Los Angeles, Julai 25, 1914. Mchezo wake haukuwa soka hili letu, bali ule wa Kimarekani wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Mwaka 1939 alikipiga chuo cha UCLA pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson, yuleyule aliyevunja ubaguzi kwenye besiboli mwaka 1947. Msimu ule UCLA haikufungwa. Mechi yao na mahasimu wao USC iliisha 0-0 mbele ya watu zaidi ya 100,000 kwenye Uwanja wa Coliseum.

Baada ya chuo, mlango ukafungwa. Tangu 1934, NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Si kwamba hawakuujua mpira, hawakutakiwa tu.

Mwaka 1946 Rams wakahama kutoka Cleveland kwenda Los Angeles na kuutaka Coliseum. Waandishi weusi wakawakomalia: uwanja ni wa umma, timu ya weupe watupu haiingii hapa. Rams wakamsajili Washington, kisha Strode ili mwenzake asiwe peke yake.

Lakini Strode alikuwa tayari na miaka 32. Alipangwa kwa nadra, na baada ya msimu mmoja akatemwa. Historia iliandikwa yeye akiwa benchi.

Hakulia. Akaenda Canada, na mwaka 1948 akabeba Kombe la Grey na Calgary Stampeders, timu iliyomaliza msimu bila kupoteza mechi. Akapiga na mieleka, kisha akahamia kwenye filamu.

Huko nako alikutana na benchi lilelile. Mwaka 1960 John Ford alimpa nafasi ya askari anayeshtakiwa kwa kosa asilofanya katika Sergeant Rutledge. Rutledge ni yeye, lakini jina la kwanza kwenye orodha ya waigizaji likawa la Jeffrey Hunter.

Hata hivyo, kila alipopewa dakika alizitumia. Spartacus ilimpa uteuzi wa tuzo ya Golden Globe. Akacheza na John Wayne mwaka 1962, na Burt Lancaster mwaka 1966. Mwaka 1968, katika Once Upon a Time in the West, anakufa mwanzoni kabisa, hata kusema hasemi, na bado watu wanamkumbuka.

Alifariki Desemba 31, 1994, akiwa na miaka 80. Mwaka uliofuata, Toy Story ikaja na mwanasesere mchunga ng'ombe. Jina lake Woody, na limetoka kwake.